Dharavi: mji utakaoamuliwa na daftari la majina

Ukiishi Dharavi, mtaa mkubwa wa makazi duni katikati ya jiji la Mumbai, India, ambao sasa una mradi wa kuujenga upya wote, tarehe moja inakutenga na jirani yako: 1 Januari 2000. Mwenye karatasi za kuonyesha kwamba alikuwa akiishi hapo kabla ya siku hiyo, na chumba chake kiwe cha chini, ameahidiwa nyumba ya bure ya futi za mraba 350 papo hapo Dharavi. Aliyeingia baada ya hapo, hadi mwanzoni mwa 2011, atapewa nyumba ya futi 300 nje ya Dharavi, tena kwa kulipa rupia 250,000. Aliyechelewa zaidi, hadi Novemba 2022, ataingizwa kwenye mpango wa kupanga au kununua kidogo kidogo, huko huko nje. Na anayeishi chumba cha juu, hata kama amezaliwa humo na wajukuu wake wamezaliwa humo, naye anawekwa kundi hilo la mwisho.

Habari nyingi zinazotufikia kuhusu Dharavi ni za bilionea Gautam Adani, zabuni, maandamano na picha za minara inayong'aa. Hayo yana uzito wake. Lakini nimefuatilia mradi huu kwa muda sasa, na nashawishika kwamba kesi yote iko kwenye hizo tarehe na ngazi. Mji mpya utajengwa kwa ajili ya watu ambao majina yao yameandikwa, na wasioandikwa wataondolewa kimya kimya bila hata kuitwa waliofukuzwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali yenyewe ni watu.

Kwanza tuelewe ni ardhi gani inayogombewa. Dharavi ina kama ekari 600, yaani kilomita za mraba 2.4 hivi, na makadirio mengi husema inabeba watu wanaokaribia milioni moja. Upande mmoja ni reli inayopita Mahim, upande mwingine ni reli inayopita Sion, na kaskazini, ng'ambo ya Mto Mithi, ni Bandra Kurla Complex, mtaa wa mabenki ambao watu wa Mumbai huuita BKC. Huko ndiko liliko Soko la Hisa la Taifa, soko la almasi la Bharat Diamond Bourse na ubalozi mdogo wa Marekani. Mwaka 2025 treni ya chini ya ardhi nayo ikafungua steshini ya Dharavi. Kwa hiyo mabanda yale yanakalia kiwanja ambacho kila mjenzi wa jiji hilo angekililia.

Haikuwa hivyo zamani. Palikuwa na kinamasi na mikoko, na wenyeji wake walikuwa Wakoli, wavuvi ambao kitongoji chao, Koliwada, kipo mpaka leo. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya ngozi vilisukumwa huko kwa sababu jiji halikutaka harufu yake, na mafundi wa ngozi wakaja kutoka nchi ya Watamil kusini mwa India. Wafinyanzi wa Saurashtra, Gujarat, nao walihamishwahamishwa na jiji lililokuwa likipanuka hadi wakatulizwa pale panapoitwa Kumbharwada. Kinamasi kilijazwa taka, vifusi na udongo, sehemu kubwa na wakazi wenyewe, miaka nenda miaka rudi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu lugha ya mradi inazungumza kana kwamba serikali inatoa zawadi juu ya ardhi yake. Ardhi ile ni ya umma kwa sehemu kubwa, kweli, lakini ukavu wake ni jasho la watu.

Sasa nyumba ya bure inatoka wapi? Tangu 1995 jimbo la Maharashtra limekuwa na utaratibu mmoja wa kushughulikia makazi duni. Mjenzi binafsi anawajengea wakazi majengo ya ghorofa bila kuwatoza, na kwa malipo anapewa haki ya kujenga zaidi ya kawaida kwenye kiwanja hicho hicho, ili auze nyumba za ziada kwa bei ya soko. Haki hiyo ya kujenga inaweza pia kuhamishwa na kuuzwa mahali pengine jijini. Serikali haitoi fedha, mkazi haombwi kitu, mjenzi anapata faida. Kwa kuusikiliza tu, kila mtu ameshinda.

Ugumu uko kwenye hesabu ya mjenzi. Kila familia inayohesabiwa kuwa na haki ni nyumba moja anayojenga bila kulipwa. Kila familia inayokosa karatasi, au inayopelekwa mbali, ni eneo linaloachwa wazi kwa ajili ya kuuza. Hata akiwa mtu mwema kiasi gani, faida yake inakua kadiri orodha inavyokuwa fupi. Utaratibu uliojengwa hivyo hauhitaji mtu mbaya ili uumize watu. Unachohitaji ni karani asiyekubali bili ya umeme iliyofutika wino.

Ndiyo maana mradi wa Dharavi ulikwama kwa miaka 20 wakati kila serikali ikiuahidi. Mwaka 1985 Waziri Mkuu Rajiv Gandhi alitenga rupia bilioni moja kwa ajili ya Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa wakati huo, na sehemu yake ikaelekezwa Dharavi. Mwaka 2004 jimbo likatangaza mpango mkubwa, likiongozwa na ushauri wa msanifu Mukesh Mehta, wa kuligawa eneo na kulikabidhi kwa makampuni. Wakati zabuni ya kimataifa ikipigiwa debe, mtikisiko wa fedha wa 2008 ukafika na wawekezaji wakatoweka. Mwaka 2018 zabuni nyingine ilimpa nafasi ya kwanza Seclink, kampuni iliyotokea Dubai, kwa ahadi ya rupia bilioni 72, huku Adani akiwa wa pili kwa bilioni 45.39. Zabuni hiyo ikafutwa mwaka 2020, serikali ikisema kuongezwa kwa ardhi ya reli kumebadilisha masharti. Ilipotangazwa upya mwaka 2022 Adani alishinda kwa bilioni 50.69. Seclink walikwenda mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Bombay ikatupilia mbali ombi lao.

Wapinzani wameligeuza jambo hilo kuwa wimbo, na nawaelewa. Kiasi kidogo kuliko kile kilichofutwa, mshindi mwenye ukaribu na chama tawala, na juu yake kanuni ya 2023 inayowataka wajenzi wa jiji zima wanunue sehemu ya haki zao za ujenzi kutoka Dharavi kwanza: hayo yanahitaji majibu ya wazi. Hata hivyo, tuseme kesho kampuni ingebadilishwa na tarehe zikabaki. Yule mama wa chumba cha juu angenufaika na nini?

Kampuni ya mradi, ambayo Adani ana asilimia 80 na jimbo asilimia 20, ilianza sensa yake Machi 2024. Wapimaji hupita vichochoroni wakiandika namba kwenye kila mlango, ramani huchukuliwa kwa droni na vifaa vya leza, kisha mwenye chumba huombwa ushahidi: kadi ya mpiga kura, kadi ya mgawo wa chakula, bili za umeme, mkataba wa kununua. Sehemu nyingine wakazi waliwazuia wasiingie. Wakosoaji kutoka mbali waliwaona kama watu wanaokataa maendeleo. Mimi naona walifahamu vizuri kuliko sisi sote kwamba namba ile ya mlangoni ndiyo hukumu, na walitaka kujua hukumu inaandikwaje kabla ya kufungua mlango.

Chukua nyumba ya kawaida ya Dharavi. Chumba cha chini kina upana wa hatua chache. Nje, ubavuni, kuna ngazi ya chuma iliyosimama karibu wima, na kamba ya kushikilia. Juu kuna chumba kingine, pengine na kingine juu yake. Chini anaishi mwenye nyumba au kuna duka. Juu anaishi kijana wake aliyeoa, au familia iliyopanga, au vijana kutoka Bihar na Uttar Pradesh wanaoshona nguo mchana na kulala chini ya cherehani hizo hizo usiku. Kodi ya juu ndiyo inayomlisha mwenye chini, na kazi ya walio juu ndiyo inayolisha kijiji kizima huko walikotoka. Hiyo ni nyumba moja, uchumi mmoja. Daftari linaipasua katikati: chini abaki, juu aondoke. Walio juu ni wengi mno, kwa sababu Dharavi haikuwa na pa kupanuka ila kwenda juu.

Wanaotakiwa kuondoka watapelekwa wapi? Serikali ya jimbo imetenga ekari 256 za mashamba ya chumvi katika vitongoji vya mashariki, na ekari 124 kwenye eneo la dampo la Deonar, ambalo limepokea taka za jiji tangu 1927. Mashamba ya chumvi ni sehemu ya kinga ya Mumbai dhidi ya mafuriko, na jiji hilo halijasahau Julai 2005, mvua ya siku moja ilipoua mamia ya watu. Kuhusu Deonar nitasema kwa ufupi tu kwamba mtu hapaswi kutolewa kwenye makazi duni ili akajengewe juu ya lundo la taka.

Mumbai si mgeni wa hamahama ya namna hii. Katika majengo ya kuhamishia watu ya Lallubhai Compound na Natwar Parekh Compound, huko mashariki, majengo yamesimama karibu karibu mno, mita tatu tu kati ya jengo na jengo. Utafiti wa madaktari uliotolewa 2018 ulikuta kifua kikuu kimekithiri, hasa ghorofa za chini ambako jua halifiki na hewa haipiti. Watu walitolewa vibandani kwa jina la afya, wakawekwa kwenye saruji iliyowaua mapafu. Vivyo hivyo Mahul, ambako familia zilipangiwa nyumba jirani na viwanda vya kusafisha mafuta, na malalamiko yao ya kukosa hewa safi yakafika hadi Mahakama Kuu.

Jambo la pili ambalo daftari haliwezi kulibeba ni kazi. Nenda Kumbharwada. Nyumba ya mfinyanzi ni ndefu kama treni: mbele inatazama barabara, hapo ndipo anapouzia vyungu na vitaa vya udongo vya sikukuu ya Diwali, katikati ndipo wanapolala, na nyuma inafungukia ua ambao majirani wanaushiriki. Uani kuna tanuri la matofali, linalowashwa kwa mabaki ya pamba na vitambaa kutoka kwa mafundi nguo wa mtaa wa pili. Moshi wake ni mkali, hilo halina ubishi. Lakini angalia: ua si wa mtu mmoja, tanuri si la mtu mmoja, kuni zake ni takataka za jirani. Utampa mfinyanzi huyu futi 350 kwenye ghorofa ya 15, na chumba cha biashara cha futi 225, halafu udongo utaukanda wapi? Vyungu 500 utavianika kwenye ukumbi wa lifti?

Ni hivyo hivyo kwa wanawake wanaosukuma papadi, vile vikaki vyembamba vya unga wa dengu, na kuzianika vichochoroni juu ya vikapu vilivyofunikwa, na kwa wale wa eneo la Dharavi liitwalo 13th Compound wanaochambua plastiki za jiji zima, kuzisaga, kuziosha na kuzitandaza juu ya mapaa zikauke. Paa kule ni sehemu ya kiwanda. Mradi umeahidi nafasi za biashara na nafuu ya kodi ya serikali kwa miaka mitano, na umesema wazi kwamba shughuli zenye uchafuzi hazitabaki. Sipingi kuondolewa kwa moshi na kemikali katikati ya watoto. Ninachouliza ni kama kuna aliyekaa chini na mchambuzi wa plastiki, akafuatilia mzigo wake unapita mikono mingapi kabla ya kuwa malighafi tena, halafu akachora jengo linalofuata safari hiyo. Mwaka 1985, katika kesi maarufu ya Olga Tellis, Mahakama ya Juu ya India ilitamka kwamba haki ya riziki ni sehemu ya haki ya kuishi. Kesi hiyo ilihusu watu waliolala kwenye vibaraza vya Bombay hii hii. Sasa ni miaka 40, na mpango mkubwa kuliko yote unaandika makazi kwanza, riziki baadaye.

Nisieleweke vibaya. Sitaki Dharavi ibaki ilivyo, na wakazi wengi hawataki pia. Mvua za masika zinapoingia, maji machafu yanapita ndani ya nyumba. Watu wanapanga foleni ya choo. Moto ukishika kwenye ghala la plastiki, gari la zimamoto halina pa kupita. Hata vuguvugu la Dharavi Bachao Andolan halidai mabanda yaachwe. Linadai futi 500 kwa kila mmoja, ndani ya Dharavi. Hayo ni madai ya watu wanaotaka nyumba, na kuchelewa nako kunaua.

Hili la kuchelewa tunaweza kuliona karibu na bandari, upande wa kusini wa jiji, kwenye mtaa ambao ndugu zetu Mabohora wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanaufahamu kwa sababu ndipo walipozikwa viongozi wao, kwenye kaburi la Raudat Tahera. Ni Bhendi Bazaar. Mwaka 2009 Syedna Mohammed Burhanuddin, kiongozi wa Mabohora wakati huo, alianzisha mfuko wa kuujenga upya mtaa huo wote: ekari 16.5, majengo chakavu 250 hivi, familia kama 3,200 na maduka 1,250. Wapangaji wanageuka wamiliki, nyumba haipungui futi 350, na maduka yanarudi mahali pake, chini, yakitazama barabara. Kazi ni ya taratibu mno. Mwaka 2017 jengo moja lililokuwa linasubiri kubomolewa liliporomoka likaua zaidi ya watu 30, waliokuwa bado humo. Kwa hiyo siusifu bila kujizuia. Lakini hapo msingi wa kuandikwa ulikuwa tofauti: wapangaji walijulikana kwa majina, kiongozi wa mradi alikuwa wa kwao, na hakuna aliyefaidika na orodha kuwa fupi. Ni rahisi zaidi kwenye ekari 16 zenye jamii moja kuliko ekari 600 zenye kila lugha ya India, nakubali. Bado ni ushahidi kwamba mjini humo humo orodha inaweza kuandikwa kwa nia ya kumjumlisha mtu.

Na Mumbai yenyewe ndiyo iliyoufundisha ulimwengu namna ya kuiandika. Mwaka 1976 mtaa wa Janata Colony ulibomolewa na watu wake wakasukumwa Cheeta Camp. Mmoja wao alikuwa Jockin Arputham, mwanzilishi wa Shirikisho la Taifa la Wakazi wa Makazi Duni, ambaye aliifanya Dharavi kuwa makao yake ya kazi hadi alipofariki 2018. Alichojifunza kwenye ule ubomozi ni kwamba serikali huanza kwa kuhesabu, basi wakazi nao wajihesabu kwanza. Akiwa na shirika la SPARC na akina mama wa Mahila Milan, walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika majina, wakapima vyumba, wakaweka akiba, halafu wakaingia ofisini na takwimu ambazo afisa hakuwa nazo. Familia zilizokuwa zikiishi kandokando ya reli za Mumbai zilihamishwa hivyo, kwa orodha walizoziandaa wenyewe.

Mbinu hiyo ilivuka bahari. Muungano wa Wanavijiji wa Kenya, ulioanza 1996, ulijifunza sensa na akiba kutoka kwa hao hao watu wa Mumbai, kupitia mtandao wa kimataifa wa wakazi wa makazi duni. Reli ya Kenya ilipotaka kuwaondoa wakazi wa kandokando ya njia yake huko Kibera na Mukuru katikati ya miaka ya 2000, maafisa walipelekwa Mumbai kuona inavyofanyika, na wakazi wakahesabiwa kabla ya kuguswa. Inauma basi kuona Dharavi, shule yenyewe, ikihesabiwa na kampuni yenye faida ndani ya matokeo.

Ningekuwa na sauti katika serikali ya Maharashtra, ningeanza kwa kuichukua sensa mikononi mwa kampuni hiyo na kuiweka kwa chombo kisicho na hisa yoyote, na wakazi wakae mezani kama wahesabuji. Orodha ingebandikwa hadharani mtaa kwa mtaa, na kila aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Kigezo cha ghorofa ya chini ningekifuta kabisa. Mtu hatakiwi kupoteza mji kwa sababu alipanda ngazi. Fedha zipo: mpango mkuu ulioidhinishwa Mei 2025 unakadiriwa kugharimu karibu rupia bilioni 958, na hakuna mfanyabiashara anayeweka fedha za kiasi hicho bila kuwa amepiga hesabu ya kurudi nazo nyingi zaidi. Majengo machache ya kuuza yakipungua upande wa BKC, familia nyingi za juu zitabaki.

Nasikia hoja kwamba Dharavi haina nafasi ya kuwabakiza wote. Lakini mpango huo huo una nafasi ya ofisi, maduka makubwa na nyumba za kifahari. Nafasi ipo, imegawiwa tu.

Majengo ya kwanza ya wakazi yanapangwa kwenye ardhi ya reli, upande wa Mahim na Matunga. Hapo ndipo pa kutazama. Funguo za mwanzo zikitolewa, kamera zote zitaelekezwa kwa familia zinazocheka mlangoni. Nataka mwandishi mmoja siku hiyo aende upande wa pili, kwenye nyumba walizotoka, apande ngazi ya chuma, aulize waliokuwa wakiishi juu wako wapi, na kama kuna ofisi yoyote yenye anwani yao mpya.